Chupa ya Sitini na Moja

Keko, 3 Machi 1954

Daftari hili lilikuwa la marehemu mke wangu, Auleria. Kurasa kumi na moja za mwanzo ameandika vipimo vya wanawake aliowashonea: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ukurasa wa kumi na mbili umeandikwa "Mama Chausiku, kiuno", na mbele yake hapana kitu. Mimi naanzia wa kumi na tatu.

Leo nimehamishwa. Miaka minne nimekuwa karani wa kuandikisha wagonjwa mlangoni pa hospitali. Asubuhi nikaambiwa niende chumba cha chupa, nyuma ya maabara, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri na vibandiko vya kule vimeharibika. Mvua zikianza na unyevu ukaingia, mende hutoka kwenye nyufa wakala gundi, na karatasi wakaila pamoja nayo.

Chupa ni sitini na tatu. Ndani yake mna viungo vya watu waliokufa, vya kufundishia wanafunzi wa uganga. Fomalini, dawa ya kuvihifadhi visioze, inachoma macho, na chini ya harufu yake kuna nyingine, kama ya samaki aliyesahaulika kapuni. Nilikuwa nameza mate kila mara.

Anayekitunza chumba ni Mzee Polikarpo, Mluguru, ambaye pia hupokea maiti. Nilimwamkia, akanipa mkono uliolowa. Sikujua umelowa nini. Nimerudi nyumbani nimenawa kwa sabuni ya kufulia mara tatu na bado naunusa.

4 Machi

Mvua. Vibandiko saba. Sikula mchana.

5 Machi

Vibandiko tisa. Mende mmoja aliingia katika mkono wa shati langu. Sikula.

8 Machi

Rafu ya tatu yote ni mafigo. Daktari Hallam, mkuu wa upasuaji, anayapenda mafigo kama wengine wanavyopenda stempu.

Shule tulifundishwa kwamba kila mtu ana mafigo mawili, moja huku na moja huku kwenye uti wa mgongo, na kila moja lina mrija wa kuteremsha mkojo kibofuni. Rafu ya tatu ni ya wale ambao Mungu aliwafanyia vingine. Namba 40, mafigo mawili yameungana kwa chini kama kiatu cha farasi. Namba 44, figo moja lina mirija miwili, mmoja mnene, wa pili mwembamba kama uzi wa kushonea. Namba 52, figo la kulia limevuka mgongo likaenda kugandana na la kushoto. Namba 57, mrija umepita nyuma ya mshipa mkubwa wa damu ukajipinda huko. Rangi ya yote ni moja, ya ini lililochemshwa jana.

"Hawa walikuwa wazima, bwana karani," Mzee Polikarpo aliniambia. "Huyu wa kiatu cha farasi alikuwa kuli bandarini. Kabeba magunia miaka ishirini. Kilichomuua ni lori la taka."

"Hakujua kama yuko hivi?"

"Wewe unajua lako limekaa wapi?" Akacheka. "Binadamu anajijua usoni tu, tena kwa kioo."

Kisha akafungua kopo lake, akala muhogo na dagaa palepale chini ya rafu ya tatu. Mafuta yalimtiririka kidevuni. Nilitoka nikasimama mvuani mpaka alipomaliza.

9 Machi

Choo cha uani kimefurika. Mwenye nyumba, fundi Sadallah, ametupanga matofali ya kukanyagia. Yeye ni seremala, ndiye aliyelichonga jeneza la Auleria, na hakulala siku ile mpaka lilipokwisha. Ananiuliza kazi mpya ikoje. Namwambia nzuri.

14 Machi, Jumapili

Nilikwenda Temeke kwa Mama Demetria. Ni mama yao mdogo Auleria na Kokushubila, na ndiye aliyempokea kila mmoja alipokuja mjini kutoka Bukoba. Kokushubila alikuja kwa matanga ya dada yake, na hajarudi kwa sababu baada ya Pasaka anaolewa na Gaspar, karani wa reli.

"Mkwe, umekonda," Mama Demetria alisema. "Huko wanakulisha karatasi?"

Akanitengea ndizi na nyama ya mbuzi, na juu yake, kwa heshima, akaweka figo. Lilikuwa zima, limekatwa katikati tu likafunguka, na mrija wake mfupi mweupe haukuondolewa. Nilisema asante. Nikalitia mdomoni. Nikafika kwenye ua wa makuti kabla sijatapika.

Aliyeniletea maji ni Kokushubila. Alishika kata kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameukandamiza chini ya kitovu, na amejiinamisha upande kidogo, kama mtu anayesikiliza jambo. Nilisahau maji. Auleria alikuwa anasimama hivyohivyo jikoni. Alikuwa na kivimbe pale, akikiita mpangaji. "Mpangaji wangu leo hajatulia," angesema, halafu angeendelea kukoroga uji.

"Shemeji, una nini hapo?"

"Si kitu. Dada naye alikuwa nacho."

"Tangu lini?"

"Tangu nijijue. Kunywa maji, shemeji, umekuwa rangi ya jivu."

15 Machi

Mvua. Sikuweza kutazama rafu ya tatu, nikaandika ya nne.

19 Machi

Mtoto wa jirani aliniita babu kwa makosa. Nina miaka thelathini na mbili.

24 Machi

Leo nimefika chupa ya 61.

Kwenye chupa nyingine mende wameacha kingo, au herufi mbili tatu. Hii haina kibandiko kabisa. Kimebanduliwa vizuri, na hata gundi imepanguswa. Tena chupa yenyewe ilikuwa imesukumwa nyuma, imefichwa na 60 na 62. Ndani mna kitu bapa chenye vinundu, kama andazi lililokaliwa, na kimrija kifupi kinachoning'inia kwa mbele.

Kibandiko kikikosekana, naandika kipya kwa kufuata daftari kubwa la Daktari. Limeandikwa Kiingereza. Hapa nanakili kwa lugha yetu:

"61. Mwanamke, Mhaya, miaka 27. Januari 1954. Figo la pekee, lililokaa nyongani. Lilitolewa likidhaniwa uvimbe. Mgonjwa hakupata mkojo tena, akafariki siku ya tisa. Mwili ulifunguliwa baada ya kifo: upande wa pili hamna figo wala mrija. Kielelezo kizuri sana."

Nilikaa kwenye sanduku la fomalini. Mzee Polikarpo alikuwa nje anafua vitambaa vyake.

Tulikaa miaka sita bila mtoto. Daktari alipapasa tumbo la Auleria akasema ni uvimbe, na kwamba huenda ndio unaozuia mimba. Auleria hakutaka kukatwa. Alisema, "Mpangaji huyu hajanigombeza hata siku moja. Mwache akae." Mimi ndiye niliyemwambia ukitoka tutapata mtoto. Mimi ndiye niliyetia sahihi karatasi ya upasuaji, na kwa vile kalamu ilikuwa nzuri nikaitia sahihi ndefu yenye mkia.

Siku zile tisa, kila nilipofika nesi alikuwa anatazama chombo cha mkojo na kusema, "Bado." Nilifikiri bado ni neno la matumaini. Uso wa Auleria ulivimba mpaka macho yakawa mistari. Alipata kwikwi isiyokoma. Alikuwa na kiu, nikamletea madafu kwa siri, chini ya koti. Na pumzi yake ilinuka. Ilinuka mkojo, kama kona ya soko. Siku ya nane aliniita kwa kidole nisogee, anataka kuniambia neno. Niliinama, ile harufu ikanipiga, na nikageuza uso. Kidogo tu. Aliona.

"Basi," akasema, "nitakwambia kesho."

Mkojo haukuwa na njia ya kutoka, kwa sababu figo lake lilikuwa tayari rafuni, ndani ya chupa, nyuma ya maabara. Nami nilimtazama mke wangu kwa kinyaa.

Sikuandika kibandiko. Nimeirudisha chupa nilipoikuta.

25 Machi

Sikwenda kazini. Nimesema homa.

26 Machi

Nimekwenda. Daktari Hallam alikuja na wanafunzi wanane. Akashika 40, akashika 52, anazigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayechagua embe. Mmoja wa wanafunzi alichora. Mwingine alipiga miayo na kunusa vidole vyake. Daktari aliuliza 61 iko wapi. Mzee Polikarpo akajibu upesi, "Inavuja, bwana, naiziba." Haikuwa inavuja.

30 Machi

Nimemuuliza Mzee Polikarpo.

"Mzee, kibandiko cha 61 umekibandua wewe?"

Alikuwa anakula. Kwa mara ya kwanza aliacha kutafuna.

"Umelisoma lile daftari."

"Nimelisoma."

"Mie sijui Kiingereza," akasema. "Nilipoambiwa wewe ndiye unaletwa humu, nilikwenda kwa Bwana Mkubwa, huyu Daktari, nikamwomba alete mtu mwingine. Akasema mwandiko wako ni mzuri. Basi nikakibandua usiku wa kuamkia siku yako, nikadhani nimemaliza. Sikujua kama daftari nalo linasema." Akajifuta kidevu kwa kiganja. "Nilimpokea mie, bwana karani. Nilimfunika vizuri. Walipotaka kumfungua tena niliwaambia mwenyewe yuko nje, muulizeni. Hawakuuliza."

Karatasi ya kibandiko aliitoa kwenye kofia yake. Ameikunja mara nne. Imeandikwa mwanamke, Mhaya, 27. Jina hapana.

Kwa mwezi mzima nimemwona mtu huyu kuwa uchafu. Leo mafuta ya dagaa yalikuwa palepale kidevuni, na bado yalinichukiza, lakini nilipokea mkono wake.

2 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Bonde la Keko limejaa maji ya vyoo, yanapita mbele ya karakana ya Sadallah yakibeba makapi ya mbao na mavi. Anaranda huku amesimama juu ya benchi.

11 Aprili, Jumapili ya Matawi

Baada ya misa Mama Demetria alinishika mkono kwa furaha.

"Mkwe, tumepata nafasi! Kokushubila analazwa Jumatatu ya Pasaka, Jumatano anakatwa. Ndugu zake Gaspar wanasema hawataki bibi arusi mwenye tumbo la mashaka. Na Daktari ni yuleyule mkubwa. Amepapasa, amesema uvimbe mdogo, bora utolewe mapema usije ukaoza kama wa dada yake."

Kama wa dada yake. Nilifungua mdomo. Kokushubila alikuwa karibu, ameshika tawi lake la mnazi, anamtekenya nalo mtoto wa watu shingoni. Ili nimwambie Mama Demetria kwamba kile ni figo, ilinipasa nimwambie cha Auleria kilikuwa nini, na karatasi ilitiwa sahihi na nani.

Nilisema, "Vizuri, Mama."

Nimeandika hapa ili nilione neno hilo. Vizuri, Mama. Uchafu wa bonde lote la Keko haufikii neno hilo.

13 Aprili

Sikulala. Nimeandika vibandiko viwili, vyote vimekosewa.

15 Aprili, Alhamisi Kuu

Nimekwenda kwa Daktari Hallam. Nilisimama mlangoni mpaka akainua kichwa.

"Bwana Daktari, yule msichana wa Jumatano. Mimi naomba apigwe picha ya mafigo kwanza."

"Wewe ni nani?"

"Gozbert, bwana. Wa vibandiko."

"Ah. Mwandiko mzuri." Akaendelea kuandika. "Uvimbe ule ni uvimbe, Gozbert. Mia moja ni uvimbe, moja ni figo. Mimi nimeshapata moja yangu."

"Lakini ni ndugu wa yule wa 61, bwana. Ndugu wa damu."

Hapo alitabasamu, kwa upole kabisa. "Kwenu ninyi kila mtu ni ndugu."

Akavuta kadi zao akanionyesha. Moja imeandikwa Auleria Gozbert. Nyingine Kokushubila Demetria. Majina hayakutani popote. Na desturi hiyo ni yangu. Nilipokuwa mlangoni, mwanamke aliyeletwa nilimwandika kwa jina la aliyemleta, mume au shangazi, ili foleni isogee. Aliyenirithi amefuata. Ndiyo maana mtu na dada yake, tumbo moja, katika karatasi za hospitali ni wageni.

"Ulikuwa mke wako?" Daktari aliuliza ghafla, ametazama kadi ya kwanza.

"Ndiye, bwana."

Aliiweka kadi chini. Halafu akasema, "Pole sana," na akanawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

18 Aprili, Pasaka

Kristo amefufuka. Mama Demetria ameniletea pilau. Nimempa Sadallah.

"Mbona unakimbia chakula kama kina nyoka?" aliniuliza.

Nikamwambia yote, kwa kuwa yeye si wa ukoo. Alisikiliza akiwa ameshika randa, hakuiweka chini.

"Sasa huyo mdogo wake unamwambia lini? Ukisha kuniagiza jeneza la pili?"

"Fundi."

"Mie nakuuliza tu. Mbao zipo."

Nilikasirika. Lakini nilistahili.

21 Aprili

Upasuaji ulipangwa saa tatu asubuhi. Saa moja nilikuwa chumba cha chupa. Mzee Polikarpo aliniona nainyanyua 61, akavua koti lake jeupe akanipa nifunikie. Alinifungulia mlango.

Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na kifuniko kilivuja kweli, fomalini ikanilowesha kifua. Nilipita uwanjani mvuani nimeikumbatia. Kinyaa kilinijaa mpaka kooni, nikawa nasema moyoni, ni Auleria, ni Auleria, na bado kinyaa hakikutoka.

Kokushubila alikuwa kitandani, amevaa gauni la kijani la upasuaji, nywele zimefungwa kitambaa. Mama Demetria alikuwa anamsomea rozari. Wagonjwa wengine walikaa kutazama.

"Mkwe, umefanya vema kuja," alisema Mama Demetria. "Hicho nini?"

Nikaiweka juu ya meza ya kitanda, nikaondoa koti.

"Hili ni figo la Auleria," nikasema. "Hakuwa na jingine. Walidhani ni uvimbe, wakalitoa. Ndilo lililomuua. Karatasi nilitia sahihi mimi."

Mama Demetria alinipiga kofi. Kofi la mtu mzima, la kweli. "Shetani wewe! Umeleta nyama ya maiti mbele ya mwali! Huzuni imekula akili yako. Nesi! Nesi!"

"Mama, alifunguliwa mara mbili. Mara ya pili alikuwa amekwisha kufa. Walikuwa wanatafuta la pili."

Mkono wake ukabaki hewani. Nesi alikuwa amefika anauliza kuna nini. Mama Demetria alikaa taratibu ukingoni mwa kitanda.

"Mishono miwili," akasema.

Akakunja rozari kiganjani.

"Nilipomwosha nilikuta mishono miwili. Wa chini umeanza kupona. Wa juu ulishonwa kwa kamba, kama gunia la mpunga. Mwanaheri aliyenisaidia kumwosha akasema, Bibi, hii nini? Nikamwambia funika. Nilisema nisikuumize, mkwe. Miezi mitatu nimelala na ile kamba machoni."

Basi yeye alikuwa na nusu, nami nilikuwa na nusu, na kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake.

Kokushubila hakulia. Aliinama akatazama ndani ya chupa, karibu sana, pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Akaweka mkono chini ya kitovu chake.

"Mpangaji," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akashuka kitandani.

Daktari Hallam alitukuta katikati ya wodi. Alipoiona chupa uso wake ukawa mwekundu kama nyanya. "Nani ametoa hii?"

"Mimi, bwana."

"Mimi pia," alisema Mzee Polikarpo mlangoni, bila koti.

Mama Demetria alisimama mbele ya Daktari. Ni mfupi, anamfikia kifuani. "Wewe, baba. Hawa ni tumbo moja. Baba mmoja, mama mmoja, ziwa moja. Nani amekwambia si ndugu?"

"Kadi zinasema..."

"Kadi haikuzaa mtu."

Na Kokushubila, na gauni lake la kijani lililo wazi mgongoni, akasema, "Sikatwi. Nipigeni picha kwanza. Mkiliona la pili mahali pake, nitarudi mwenyewe kulala hapa."

Daktari alimtazama, akaitazama chupa, akamtazama tena. Akamwambia nesi futa upasuaji.

23 Aprili

Wamemchoma Kokushubila sindano ya dawa inayokimbilia kwenye mafigo na kung'aa katika picha ya eksirei. Juu, kwenye uti wa mgongo, kulia giza na kushoto giza. Chini kabisa, ndani ya duara la mifupa ya nyonga, doa moja jeupe, bapa, na mrija mfupi kama kidole cha mtoto.

Moja tu. Na lingali mahali pake.

Nililia chooni, mahali pachafu kuliko pote hospitalini, nikiwa nimeegemea ukuta wake.

24 Aprili

Daktari ameita wanafunzi wote. Ameweka picha dirishani, na 61 mbele yake. "Ndugu wawili!" alikuwa anasema. "Ndugu wawili wa tumbo moja! Mnajua hii ni nadra kiasi gani?" Sasa undugu ameukubali, kwa kuwa una faida. Nilitoka nje na ndoo.

29 Aprili

Nimemwomba Daktari chupa ya 61 nikaizike na mwenyewe. Amekataa. Ni mali ya kufundishia, amesema, hasa sasa.

4 Mei

Leo Waislamu wameanza kufunga. Sadallah amechonga kijikasha cha mvule, pembe zake zimeshikana kwa meno ya mbao bila msumari hata mmoja. Hajaambiwa na mtu. "Siku watakapokupa," alisema, "usiende kumtia mtu kwenye kopo la biskuti."

Mzee Polikarpo naye ana mpango. Anataka tununue figo la nguruwe kwa mchinjaji wa Wazungu, tulitie mle, tumtoe Auleria. "Wanafunzi hawatajua. Bwana Mkubwa nitamwambia limesinyaa." Wazo la nguruwe kukaa chini ya namba yake lilinichefua, lakini nimekubali. Jumamosi.

7 Mei

Kokushubila amekuja Keko kunishukuru, ameleta senene za kukaanga, wale panzi wa kwao. Gaspar bado anamtaka. Ndugu zake wananung'unika, na yeye amewaambia haoi tumbo. Nikamweleza mpango wa Jumamosi.

Alitafuna senene moja, akaimeza.

"Shemeji, usiniudhikie. Mie ningekuwa sipo kama asingekuwa mle."

"Ni dada yako. Wanampigia miayo usoni."

"Najua. Nimemwona. Mpaka leo sijala nyama." Akaweka bakuli chini. "Lakini akija mwingine kama sisi, wewe ukiwa umeshazeeka, nani atambeba ampeleke wodini? Nguruwe?"

Nikamwambia hawezi kujua nahisi nini kila asubuhi nikikipangusa kile kioo.

"Sijui," akasema. "Ila kama ningekuwa mie mle chupani, ningefurahi anayenipangusia kioo ni wewe."

8 Mei, Jumamosi

Hatukununua nguruwe. Mzee Polikarpo amesema ahsante Mungu, maana hakujua angeingiaje kwa yule mchinjaji.

12 Mei

Daktari aliingia peke yake. Nilidhani hakuniona, nilikuwa nimeinama nyuma ya rafu nafukuza mende. Alisimama mbele ya 61. Kisha akasema, kwa Kiswahili, kumbe ameniona, "Kabla sijakata ilinipasa nitie mkono nipapase upande wa pili. Ni dakika moja. Sikupapasa."

Nilisubiri aseme na lingine. Akasema niandike kibandiko kabla ya mtihani wa wanafunzi, na nisisahau kumtaja mdogo wake Auleria.

Nilitaka kumchukia kama nilivyomchukia Machi, nikakuta ninachomwonea ni kichefuchefu tu, na kichefuchefu nimekwisha kukizoea.

16 Mei, Jumapili

Mvua imekatika. Tumekwenda makaburini, Mama Demetria, Kokushubila, Mzee Polikarpo na mimi. Nimechimba miguuni pa Auleria, udongo laini. Ndani ya kijikasha cha Sadallah nimetia ile karatasi iliyotoka kwenye kofia: mwanamke, Mhaya, 27. Huyo ndiye tuliyemzika leo. Mama Demetria alikuwa amewaza kuleta padre, lakini hakujua amwambie tunazika nini.

Nikapiga magoti, nikasogeza uso karibu na udongo, nikakaa hivyo muda mrefu. Sikusikia neno. Ila sikugeuka.

19 Mei

Kibandiko cha 61 nimekiandika Kiswahili, kwa jina lake la kwao, kwa wino mweusi, herufi kubwa, ili hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisome kwa sauti:

"Auleria Kokugonza, mshonaji, wa Keko. Alikuwa na figo moja tu, nalo lilikaa huku chini, nyongani. Mdogo wake yuko vilevile, naye yu hai. Ukipapasa uvimbe mahali hapa, usikate. Piga picha kwanza. Uliza ana ndugu."

Daktari alikisoma mara mbili. Akasema chupa nyingine hazina majina. Nikasema ndiyo, bwana. Akasema mende watakila kabla ya masika yajayo.

Hawatakila. Gundi nimeikoroga na shubiri, ile chungu ambayo mama hujipaka kwenye titi anapomwachisha mtoto. Nimeionja kwanza kwa ulimi. Bado iko kooni.